Hodi Isiyoitikiwa

Siku ile Pweza alishuka ngazi kunywa maji, akaketi juu ya ndoo ya rangi iliyopinduliwa, na hakuinuka tena. Wapaka rangi wenzake walidhani anapumzika. Moyo ulikuwa umesimama kimyakimya, kwa mtu ambaye maisha yake yote hakujua kunyamaza.

Walimwita Pweza kwa sababu ya mikono. Akisimulia jambo, miwili ilifanya kazi ya minane. Na kusimulia ndiko kulikokuwa starehe yake. Kila Jumapili mchana, katika duka la ushonaji la dada yake mkubwa, meza ya kukatia nguo ilifutwa vumbi la chaki na watu wanne wakaizunguka kucheza mchezo wa kuigiza. Pweza alikuwa msimulizi. Waliobaki, yaani Dada, mke wa Pweza na jirani yao fundi simu, kila mmoja alikuwa na mtu wake wa kubuni: Dada mpiga mishale, mke mganga, fundi mwizi aliyestaafu. Pweza aliwaeleza wanachokiona, wao wakasema wanachokifanya, dadu zikaamua kama wamefaulu.

Dunia yote hiyo ilikuwa kichwani mwake. Vitabu vya mchezo huo vinauzwa, vyenye nchi nzima tayari, na miji, wafalme na ramani, lakini Pweza alivicheka. "Dunia ya dukani ni mtumba," alisema. "Imeshonewa mtu mwingine. Mimi nawapima ninyi, nawakatia ninyi." Dada naye, kwa kuwa ni mshonaji, alimpa haki yake.

Jumapili ya mwisho, mchezoni, aliwaacha ndani ya nyumba ya mawe, nje mvua, moto umezimika. "Kisha," akasema, akigonga meza kwa kidole, "mtu anabisha hodi." Akaanza kukusanya dadu.

"Nani?" akauliza Dada.

"Jumapili ijayo."

"We mtoto, sema!"

"Dada, mvumilivu hula mbivu."

Jumapili iliyofuata iliwakuta wakipokea rambirambi.

Watu walipotawanyika, Dada hakutulia. Alipiga pasi nguo zilizokwisha kupigwa pasi. Alihamisha cherehani dirishani, akairudisha. Mteja akibisha, sindano inamchoma. Aliona haya kumwambia mtu kwamba katikati ya msiba kinachomkosesha usingizi ni mlango usiokuwapo. Mdogo wake amezikwa, hilo alilijua. Lakini yule mgeni bado alikuwa amesimama mvuani, na hakuna wa kumfungulia.

Mwishowe alimwendea mke wa marehemu. "Wifi, wewe ndiye uliyekuwa ukilala naye. Hakukudokeza ni nani?"

Wifi akacheka, mara ya kwanza tangu mazishi. "Nilimbembeleza, nikamkanda mgongo, nikamnunia. Akaniambia nisubiri kama wenzangu."

Basi wakakutana watatu, waiendeleze dunia yake kwa kukumbuka. Fundi simu akaanza: "Aliyebisha ni mtoza ushuru wa mtoni. Pweza alininong'oneza kuwa ananifuata."

"Mtoza ushuru gani?" Wifi akaruka. "Yule alikufa! Mganga wangu alimzika kwa mikono yake."

"Alikufa lini, naye bado ananidai?"

"Mbona mimi aliniambia mtoza ushuru ni shangazi yangu?" akasema Dada.

Wakatazamana. Pweza alikuwa na tabia ya kumvuta kila mmoja pembeni na kumpa siri yake, na jinsi siri zile zilivyoungana alikuwa anajua yeye peke yake. Walijaribu kuziunganisha hadi sauti zikapanda. Fundi simu akavaa kofia yake.

"Tuache jamani. Tutagombana mpaka tumchukie marehemu."

Dada akaona meza nayo inakufa, ile meza iliyokuwa imebaki na sauti ya mdogo wake.

Fundi simu alirudi baada ya siku kadhaa, kitabu kinene cha mchezo kwapani.

"Mtumba huo!" Dada akang'aka.

"Mtumba, sikatai. Lakini fungua popote. Mlango wowote humu una mwenyewe, na ameandikwa. Nikianguka kesho, wewe unasoma kuanzia nilipoishia."

"Usijitabirie, wewe."

Dada akazunguka chumba, akasimama mbele ya ukuta ambako karatasi zake za kukatia zilining'inia kwenye misumari. Yeye hakati hata mkono wa shati bila karatasi, kwa sababu mteja hurudi akataka jingine kama lile. Pweza dunia yake aliikata kwa jicho. Nguo ilimkaa kila mtu sawasawa. Sasa ina mkono mmoja, na mkataji hayupo.

"Leteni viti," akasema.

Fundi simu alisoma vibaya, kama mtu anayesoma maelezo ya dawa ya kikohozi. Dada alikaa, akasimama, akakaa. Kitabuni palikuwa na nyumba ya wageni penye njia panda, na mwenye nyumba kiziwi wa sikio moja.

"Mko ndani, mnakula," akasoma fundi.

"Mimi simo," akasema Dada. "Mimi niko nje. Mvua inanyesha."

Fundi akapekua kurasa. "Kitabu hakijasema mvua."

"Kimekataza?"

"Hakijakataza."

"Basi inanyesha. Nabisha hodi."

Wifi akaacha kutafuna kalamu. Fundi akafuata mistari kwa kidole. "Mwenye nyumba hafungui kabla ya kuuliza. Anauliza: nani wewe?"

Dada hakuwa amejiandaa kuulizwa yeye.

"Mpiga mishale. Natoka nyumba ya mawe. Msimulizi wetu amefariki."

Hakuna aliyegusa dadu. Kisha Wifi akajongeza kiti chake. "Mganga anainuka, anafungua mlango. Karibu. Ila futa miguu, Wifi, watu wamedeki."

Wakacheka mpaka Dada akalazimika kujifuta macho kwa kitambaa cha mteja.

Aliyebisha kule kwa Pweza hajajulikana hadi leo, na hodi ya dukani bado humshtua Dada. Kitabu kinakaa rafuni, chini ya karatasi za kukatia. Wanacheza Jumapili mchana. Fundi simu asipoweza kuja, anasoma Wifi.