Gari Halijaondoka

Mara ya kwanza mdogo wangu Mudathiri alipojifungia ghalani, nilicheka. Lori la mzigo lilikuwa limesimama mbele ya duka langu la khanga na vitenge hapa Kasulu mjini, vijana wanashusha marobota, nami namwita aje asaidie, maana Mungu kampa mabega. Haitiki. Nilimtafuta uani, nikamtafuta kwa majirani, mwisho nikafungua ghala na kumkuta amejikunyata gizani, kidole mdomoni, ananionya ninyamaze. Mwanamume mzima mwenye ndevu zake, nikadhani anacheza kombolela. Lori lilipoondoka alitoka mwenyewe, akaenda mtungini kunywa maji.

Mara ya pili lilikuwa gari la mteja kutoka Nyakitonto. Mara ya tatu lilikuwa gari la wagonjwa linakwenda Kabanga, wala halikusimama dukani, lilipunguza mwendo tu kwa ajili ya mbuzi. Alidondosha khanga aliyokuwa anaikunja, akakimbilia ghalani na kuuvuta mlango. Safari hiyo sikucheka.

Mudathiri alizaliwa mzito wa kuelewa. Anaosha vyombo vikang'aa, anakunja khanga pindo kwa pindo kunishinda mimi, lakini huwezi kumwachia moto wala barabara. Akifurahi hucheka kwa sauti ya kujaza nyumba, mate yakamtoka, na atamshika mikono yeyote aliye karibu. Mama alipofariki mimi nilikuwa bado kwa mume, na mwenye kauli katika ukoo alikuwa baba mdogo Hamis. Ndiye aliyempeleka upande wa Kibondo, kwenye nyumba inayolea watu wa namna yake. Watu wa kule hupaita Makao tu. Kila nilipokwenda kumtazama nilipiga simu kwanza, kama adabu inavyotaka, na kila nilipofika nilimkuta barazani, kanyolewa, kavaa shati jeupe. Nilirudi nikiwaombea dua walezi wake. Idi hii ndiyo mara ya kwanza nilipomwomba aje tule sikukuu pamoja.

Nilimfuata Mwanahawa, anayeuza chapati ng'ambo ya barabara. Zamani alikuwa mpishi huko Makao. Nilipomuuliza kuhusu magari alijifanya anageuza chapati ambayo ilikuwa imeshaiva. Kisha akanieleza. Gari la Makao likileta wageni wafadhili, wale wanaopendeza machoni huketishwa barazani wakaimba. Wanaotokwa na mate, wanaopiga kelele, wanaoshika watu mikono, huswagwa katika chumba cha kuni na kufungiwa mpaka wageni waondoke. Msimamizi, Madamu Esteri, ana jina lake la jambo hilo: kuwapumzisha. Nilimuuliza Mwanahawa kwa nini hakusema. Alijibu kwamba alisema, akamwambia Madamu mwenyewe, na ndiyo sababu sasa anauza chapati.

Sitasema uongo hapa. Sikufikiria sheria, sikufikiria maofisa, na hao waliobaki huko Makao hawakunijia akilini hata kidogo. Nilitaka kumkomoa yule mwanamke, aone cha mtema kuni. Nilipika nikimuwaza, nikapima vitambaa nikimuwaza, na mteja mmoja akaniuliza kama naumwa jino.

Baba mdogo Hamis alinisikiliza mpaka mwisho, akavua kofia, akaivaa tena. Alisema kila nyumba ina kasoro zake, na mimi mwanamke peke yangu na duka langu nitamlea vipi mtu mzima. Alisema Madamu ameshampigia simu: wageni wakubwa wanakuja, Mudathiri anatakiwa arudi upesi, na yeye kama mzee wa ukoo ameshakubali. Sikubishana naye. Nilirudi dukani nikapiga simu mwenyewe, nikampaka Madamu mafuta kwa mgongo wa chupa. Nilimwambia aje amchukue kwa mkono wake, na kwa kuwa wageni ni wakubwa, achague kabisa kitenge cha sare ya walezi, nimepokea mzigo mpya mzuri mno.

Alikuja siku ya soko, katika gari jeupe la Makao, na Fidele dereva wake. Nilikuwa nimetia ghala kufuli tangu asubuhi ili Mudathiri asijifiche humo, basi mngurumo uliposikika akaishia chini ya meza ya kupimia, nyuma ya khanga zinazoning'inia. Madamu Esteri alinikumbatia. Ni mwanamke wa makamo, visigino vimepasuka kama vya mkulima yeyote, sauti yake ya upole. Alikuwa amemletea Mudathiri pakiti ya biskuti. Hilo lilinichukiza kuliko kama angekuja mikono mitupu.

"Mali yenyewe iko ghalani," nilimwambia. "Ingia uchague, Madamu. Hapa nje nimeacha ya kawaida."

Nilifungua kufuli, akaingia anaisifu harufu ya nguo mpya. Nilisukuma mlango, nikateremsha komeo, nikabana kufuli.

"Dada Mwamvua, mlango umejifunga."

"Haukujifunga. Nimeufunga mimi. Pumzika kidogo."

Nilisikia akirudi hatua moja nyuma, nikajua kwamba amenielewa. Utamu wa dakika ile siwezi kuueleza kwa mtu ambaye hajawahi kumchukia mtu. Kisha akaanza kugonga. Aligonga kwa kiganja, akagonga kwa ngumi, akaniita dada, akaniita mama. Nje wauza ndizi walikuwa wanapigania wateja, nani angesikia. Nilivuta kigoda nikaketi, ufunguo mkononi, nimsikilize vizuri. Nilitaka alie. Nilikuwa nimeweka tayari maneno ya kumwambia akilia, na nilikuwa nayarudia moyoni yasinipotee.

Hapo Mudathiri alitambaa kutoka chini ya meza. Hakunitazama. Alikwenda mpaka mlangoni, akainama, akaweka mdomo kwenye upenyo.

"Usigonge," alisema. "Ukigonga unakosa uji."

Kugonga kukakoma.

"Kaa hapa chini, mlangoni. Hapa pana upepo. Kule nyuma unakosa pumzi."

Nilisikia nguo zikiburuzika sakafuni. Madamu Esteri alikuwa ameketi pale pale alipoelekezwa.

"Mudathiri," sauti yake sasa ilitokea chini, karibu kabisa na miguu yetu, "mwanangu, mwambie dada afungue."

"Bado. Gari halijaondoka."

Nilimwambia hakuna mgeni, gari lile ni la Madamu mwenyewe. Alitikisa kichwa na kusema gari lipo, analiona. Akaketi, akaegemeza mgongo kwenye mlango, na mabega yale nani angeyasogeza. Wala sikutaka kuyasogeza. Akaanza kuugusa ubao kwa vidole, taratibu, namna mtu anavyombembeleza mtoto alale. Alifanya hivyo bila haraka, kwa mazoea. Nikajua hivyo ndivyo walivyokuwa wakifanyiana kule ndani, yeye na wenzake, gizani kwenye kuni, wakati barazani kunaimbwa.

"Mwamvua," Madamu alisema, na sauti ilikuwa imekwaruza. "Wageni wakiogopa hawarudi. Wasiporudi hatuli. Nilikuwa natafuta chakula chao."

"Na hao uliowafungia hawakuwa na macho ya kuogopa?"

Vidole vya Mudathiri viliendelea kugusa ubao. Nilikuwa nimemweka adui yangu pale nilipomtaka, na ndugu yangu alikuwa anampooza. Nilimwonea wivu yule mwanamke, naona aibu kulisema. Hasira yangu haikupungua hata chembe, ila ilikosa pa kukaa.

Niliinuka nikatoka barabarani. Fidele alikuwa ndani ya gari, madirisha wazi, redio chini. Nilimwambia aondoke, aende mpaka kituo cha mafuta, akae kidogo, ndipo arudi. Alitazama dukani, akanitazama mimi. Hakuuliza Madamu yuko wapi.

"Kule huwa naondoka polepole," alisema, "wageni wapate kupunga mikono. Na mimi najua walio ndani wanangoja."

"Leo ondoka haraka."

"Ego, dada," aliitikia kwa Kiha, na akawasha gari.

Mudathiri aliinua kichwa. Alisikiliza mngurumo ukipanda, ukapita sokoni, ukafifia upande wa mteremko, na hata mimi nilipoacha kuusikia yeye bado alikuwa anasikiliza. Kisha akasimama, akaninyooshea kiganja. Nilimpa ufunguo. Alifungua kufuli mwenyewe, akaliweka mezani, akauvuta mlango.

Madamu Esteri alitoka akiyakinga macho na mwanga. Kilemba kilikuwa kimelala upande mmoja, magoti na viwiko vimejaa vumbi. Maneno yangu niliyoyaweka tayari yalikuwepo yote, hakuna lililopotea. Lakini Mudathiri alikwishachuchumaa mbele yake. Alimpangusa vumbi goti la kwanza, akampangusa la pili, akainuka akampangusa viwiko. Akamgeuza taratibu kwa mabega, akampangusa mgongo, na yule mwanamke akageuka kila alipogeuzwa.

"Ukifika," Mudathiri alimwambia, "na Harerimana mfungulie. Gari limeondoka."

Madamu alifumba macho.

"Harerimana ni nani?" nilimuuliza. "Yuko wapi sasa hivi?"

Alisema Harerimana ni kijana anayelala kitanda cha jirani na Mudathiri. Alisema asubuhi walikuja watangulizi wa wale wageni kukagua mahali, na yeye aliwaacha na msaidizi wake ili awahi huku.

"Sijui kama wameshafunguliwa," alisema.

Sikumsamehe, na sijamsamehe. Nilimwita Mwanahawa aje akae na Mudathiri, nikashusha mlango wa duka katikati ya siku ya soko, wateja wakiwa wanashangaa. Madamu alisimama kando, mkoba kaukumbatia. Mudathiri alikuwa ameshafungua ile pakiti ya biskuti na kumgawia Mwanahawa nusu. Simu yangu iliita, alikuwa baba mdogo Hamis, nikaiacha iite mpaka ichoke.

Fidele aliporudi nilifungua mlango wa mbele nikaketi. Madamu alipanda nyuma bila kuambiwa. Tulishuka mteremko, tukashika barabara ya Kibondo.

"Nikufikishe langoni, dada?" Fidele aliuliza.

"Hapana," nilimwambia. "Tukikaribia, lizime mbali, wasisikie mngurumo. Tutaingia kwa miguu."