Boti ya Mbio na Boti ya Kukaa

Nilikuwa nimelala chali chini ya boti, nagonga tumbo lake kwa mpini wa bisibisi, sikio karibu liguse faiba. Ndivyo tunavyopima sisi mafundi. Palipo pazima pana mlio mkavu. Palipoingia maji panajibu kwa uvivu, kama mtu aliyeamshwa mapema. Kwa miaka thelathini nilikuwa nimegonga hivyo matangi ya maji, bampa za magari na boti za watu. Siku ile nilikuwa nagonga ili ninunue yangu.

Zilikuwa mbili, zote za matanga, zimesimamishwa bega kwa bega katika yadi, zote zimefikia umri wa kuamkiwa. Dalali alizibandika majina: Kimbaumbau na Bonge. Kimbaumbau alikuwa wa mbio, mlingoti mrefu kupita kiasi, na ndani huwezi kusimama bila kuinamisha kichwa. Jiko lake lilitosha sufuria moja, tena ndogo. Bonge alikuwa mpana na mzito, upepo ukipungua anasinzia, lakini alikuwa na meza, kabati na choo chenye mlango unaofunga. Kamba zake zote zilifika kwenye usukani, kwa hiyo mtu mmoja angeweza kumwendesha safari ndefu akiwa ameketi. Kimbaumbau alitaka watu wawili wanaojuana.

Mwisho wa mwezi nilitakiwa kuhama chumba nilichopanga juu ya duka la vipuri, nami nilikuwa nimeamua kwenda kuishi majini. Mwenye akili zake angemchukua Bonge siku ya kwanza. Mimi wiki nzima nilimzunguka Kimbaumbau, namfuta vumbi ambalo si langu.

Sababu ilikuwa mdogo wangu. Miaka kumi na tisa tulishindana pamoja, mimi kwenye usukani, yeye kwenye kamba. Tulikuwa na sheria moja. Nikitaka kugeuza boti napaza sauti, "Nageuza!", na sigusi usukani mpaka yeye ajibu, "Tayari!" Boti ikigeuka, boriti ya tanga hupita juu ya sitaha kwa kasi ya kupasua kichwa cha mtu. Katika miaka yote hiyo hakuna aliyepata hata nundu.

Kisha mama akalazwa. Mdogo wangu alibaki naye hospitali, mimi nikaenda kwenye mbio za siku tatu na watu wa kukodi. Nilizima simu, eti nisisumbuliwe. Niliporudi nchi kavu nikaiwasha, nikakuta amenipigia mara kumi na saba. Mama alikuwa ameshazikwa.

Hakunigombeza. Ningeshukuru kama angenigombeza. Aliniambia niiuze boti yetu, na tangu hapo, miaka miwili, tulikuwa watu wa kusalimiana tu. Nilikuwa na hamu naye kuliko ninavyoweza kueleza. Nilihitaji kisingizio cha kumpigia, na boti isiyokwenda bila yeye niliiona kisingizio kizuri.

Dalali akakubali tumjaribu Kimbaumbau. Upepo ulikuwa mzuri, na tulipotweka tanga boti iliondoka kama imetukanwa. Nilicheka peke yangu. Mbele kulikuwa na boya kubwa la chuma, nalo lilikuwa bado mbali.

"Nageuza!" nikapaza sauti.

Dalali alikuwa ameketi mbele yangu, kashikilia kofia yake kwa mikono miwili. Alijua bei za boti, basi. Mimi nikasubiri. Mikono yangu ilikuwa juu ya usukani, na boya nililiona vizuri kabisa, hata kutu yake niliiona, na bado nilisubiri.

"Fundi, boya. Fundi!"

Tulilikwangua kwa ubavu mzima. Mlio ule nausikia mpaka leo.

"Sasa ulikuwa unangoja nini?" akafoka.

Nilimwambia nitaziba mchubuko mwenyewe, bure.

Alasiri ile niliketi juu ya kopo la rangi pale yadini, nikapiga simu.

"Shikamoo, kaka."

"Marahaba. Sikiliza, nimepata boti ya mbio. Inaruka hiyo, usiombe! Ila inataka watu wawili."

Nilisikia upande wake mtu akifunga bomba la maji.

"Na ile nyingine?"

"Nyingine ipi?"

"Kaka, wewe hujawahi kuangalia boti moja tu."

Nikamweleza Bonge. Nilimchafulia jina, nikamwita mvivu, nikasema kwa mbele ana sura ya beseni. Zamani angecheka.

"Hiyo mtu mmoja anaiweza?" akauliza.

"Anaiweza."

"Basi chukua hiyo."

Alisema kwa upole, na upole ule ndio ulionimaliza. Akaniuliza mgongo wangu unaendeleaje, akanitakia heri ya kuhama, akakata.

Nilihamia kwa Bonge kwa safari mbili za mkokoteni. Nimeishi humo miaka sita sasa. Havuji, na katika mawimbi ametulia kuliko mimi. Vitanda viko vinne. Kimoja nalalia, vingine nimeweka zana na makopo ya gundi.

Jumapili moja mwaka jana nilikuwa narudi bandarini taratibu nilipoona boti za mashindano zikija nyuma yangu. Iliyoongoza ilikuwa nyekundu, ya watu nisiowajua, na kwenye kamba alikuwa mdogo wangu, kaota mvi. Walikuwa wanakuja moja kwa moja kwangu. Alinitambua, hilo nina hakika nalo. Akainua mkono, kama mtu anavyosalimia boti yoyote.

Aliye kwenye mbio hupishwa. Nikalegeza tanga, nikasogea pembeni, wakapita.