Kisanduku cha Mwandishi

Simu iliita saa nne na robo asubuhi, Noela akiwa anatoa nakala za cheti cha ubatizo cha mteja. Namba ngeni. Akaibana kati ya sikio na bega, maana mwenye steshenari peke yake pale Sinza hana mkono wa tatu wa kushikia simu.

"Habari ya kazi, sista. Samahani kwa usumbufu. Naulizia habari za mzee Albano Mapunda. Yule aliyekuwa kiongozi wa kikundi cha jarida la Karakana."

Noela akasimamisha mashine. "Kiongozi? Nani kasema?"

"Imeandikwa mtandaoni. Na jina la duka lako na namba yako vipo hapo chini."

Ilikuwa sauti ya upole, na upole wenyewe ndio uliomtisha. Watu wanaopiga simu steshenari hufoka, wanaulizia kadi za harusi ziko wapi. Huyu alikuwa ametulia anasubiri jibu, kama mtu ambaye jibu akilikosa hapa anajua pa kulipata. Noela akakata simu, akaizima kabisa, kisha akamkabidhi mteja nakala mbili badala ya tano. Mteja akalalamika. Noela hata hakumsikia.

Mzee Albano alikuwa mjomba wake, mchongaji wa mpingo kule Yombo. Miezi minne nyuma alikuwa amemletea sanduku la bati lililojaa vijarida na vijitabu vilivyodurufiwa kwa stensili, karatasi zimekuwa rangi ya chai. Yeye na wenzake wanane, mafundi wa karakana moja, walivitoa mwaka sabini na saba na sabini na nane. Vilisema kwamba mtu mzima hahitaji bosi wa kumkalia kichwani, awe tajiri au mkubwa wa ofisini, na kwamba mafundi wanaweza kuiendesha karakana wenyewe. Kuna hifadhi moja ya mtandaoni inayokusanya maandishi ya namna hiyo kutoka kila pembe ya dunia, na watu wa aina hiyo inawaita waanakisti. Mjomba alilisikia neno hilo uzeeni na akacheka mpaka akakohoa. Kumbe miaka yote hiyo alikuwa na jina na hana habari.

Kazi ya Noela ilikuwa kuskani kila ukurasa na kuupandisha kwenye hifadhi hiyo. Na kila toleo lilikuwa na jambo moja nyuma yake: majina ya wale tisa, kila mmoja kaandika kwa mkono wake, yamepangwa kwa mduara kama watu waliozunguka sinia la wali. Walifanya hivyo ili asiwepo wa kwanza wala wa mwisho. Hawakuwa na mwenyekiti, hawakuwa na katibu, hawakuwa na mhariri. Kwa nini watu wenye akili zao waandike majina yao kwenye karatasi ya hatari kiasi hicho? Walikuwa vijana, basi, na ujana una ujinga wake.

Nakala moja iliokotwa na mtu asiyehusika, na wote tisa wakachukuliwa. Huko walikopelekwa, mjomba hapataji mpaka leo, waliulizwa swali moja tu kila siku: kiongozi wenu nani? Mjomba alikaa siku ishirini na moja. Rafiki yake Kasimiri, ambaye mwandiko wa kwenye stensili ulikuwa wake, alikaa miezi minne na akarudi sikio moja halisikii. Hakuna kati yao aliyetaja mtu. Na tangu wakati huo mjomba akigongewa mlango hasemi karibu. Huchungulia dirishani kwanza.

"Wenzangu wote wameshatangulia," alimwambia Noela siku ile ya sanduku. "Mie sina cha kuficha tena. Weka yote. Ila mduara uuache mduara, mwanangu. Asitangulizwe mtu."

Noela akasema sawa, mjomba, haina shida. Mtu husema haina shida kwa urahisi sana.

Sasa alikaa mbele ya kompyuta, akafungua ukurasa wa toleo la kwanza. Hapo juu, kwa herufi nene: Mhariri Mkuu, Albano Mapunda.

Akakumbuka kila kitu. Fomu ya hifadhi ilikuwa na visanduku vya kujaza: jina la jarida, mwaka, lugha, mwandishi. Cha mwandishi alikiacha wazi, kikageuka chekundu. Akaweka kistari, kikabaki chekundu. Akaandika "wote", fomu ikadai jina la kwanza na jina la ukoo. Wateja walikuwa wamepanga foleni mpaka barazani na matoleo kumi na moja yalikuwa bado. Akaandika jina lililomjia kwanza mdomoni, jina la mjomba wake, akabonyeza cheo cha kwanza kwenye orodha ili mradi fomu ipite, akajiambia atarudi kurekebisha. Hakurudi.

Sasa akajaribu kulifuta jina lile. Fomu ikamjibu kwa adabu kwamba maombi yake yatashughulikiwa ndani ya siku tatu za kazi. Watu mia tatu na kumi na wawili walikuwa wameshaufungua ukurasa ule.

"Shosti, vipi, mbona umepauka hivyo?" Ni Gladness, wa saluni ya jirani, amekuja kuazima mkasi. "Halafu nilisahau kukwambia. Jana ulivyoenda kuchukua karatasi alikuja kaka mmoja, msafi, mstaarabu, na gari jeupe. Anamuulizia mjomba wako."

"Ukamwambiaje?"

"Si nikamwelekeza! Yombo, nyuma ya kanisa, ulizia mchongaji. Tulipoenda kununua vile vigoda, unakumbuka? Vibaya?"

Gladness hakukosa lolote. Mgeni akiuliza njia huelekezwa, tena hadi mlangoni. Noela akawasha simu na kumpigia mjomba. Ikaita mpaka ikakatika. Akapiga tena. Huwa anaiacha ndani akichonga, akajiambia, huwa anaiacha ndani. Akafunga duka bila kuzima mashine, akapanda bodaboda ya kwanza aliyoiona.

Njia nzima roho ilikuwa mkononi. Mzee wa miaka sabini na tatu. Siku ishirini na moja zile alizimudu akiwa kijana. Sasa asingemaliza hata tatu. Na safari hii hawangekuwa na haja ya kumuuliza swali. Jibu alikuwa ameshaliweka mtoto wa dada yake, kwa herufi nene.

Gari jeupe lilikuwepo, limeegeshwa kando ya kanisa. Barazani kigoda kilikuwa kitupu, na patasi mbili zilikuwa chini, kwenye vumbi la mpingo. Noela aliziangalia patasi zile. Mjomba haachi patasi chini hata mvua inyeshe. Mlango ulikuwa umefungwa.

Akagonga. Kimya. Pazia likasogea kidogo, kisha komeo likavutwa.

"Ingia, mwanangu," mjomba akasema. Macho yake yalikuwa mekundu.

"Shikamoo mjomba."

"Marahaba. Kaa."

Kwenye kiti cha wageni alikaa mwanamume wa miaka kama hamsini hivi, shati limenyooka, karatasi zilizochapwa ziko magotini. Hata kwa mbali Noela aliitambua ile ya juu, ukurasa wa toleo la kwanza.

"Huyu ni Edgar," mjomba akasema. "Mtoto wa Kasimiri."

Noela akataka kushusha pumzi. Hakuwa mtu wa kuja kumchukua mjomba, alikuwa mtoto wa rafiki! Lakini pumzi haikushuka, kwa sababu uso wa Edgar haukuwa wa mtu aliyekuja kusalimia.

"Nilikuwa na miezi miwili baba alipochukuliwa," Edgar akasema, kwa sauti ile ile ya kwenye simu. "Maisha yake yote alituambia hapakuwa na kiongozi. Alikufa anasema hivyo. Juzi nipo zangu nyumbani Wazo, nasoma, nakuta kiongozi alikuwepo. Ni mzee huyu. Nikasema ngoja nije nimuulize jambo moja tu. Miezi minne baba yangu anapigwa kwa ajili ya jina lako, mzee, wewe ulikuwa umeshatoka, uko zako nyumbani. Ulikuwa unafanya nini?"

Mjomba aliangalia sakafu.

"Unaona?" Edgar akamgeukia Noela. "Saa nzima nipo hapa. Namwambia, kama hii karatasi ni ya uongo, basi nitajie nani kaiandika, niende kwake. Ananyamaza tu. Hataki kumtaja."

Hapo Noela akaelewa. Mjomba alijua tangu alipoiona ile karatasi. Ni mtu mmoja tu duniani aliyekuwa na lile sanduku.

"Ni mie," akasema. "Niliandika mie. Hakuwa kiongozi. Hapakuwa na kiongozi, kaka, baba yako alisema kweli. Kisanduku cha mwandishi kwenye fomu hakikukubali kubaki wazi, kikawa chekundu, nikaweka jina ili kipite."

"Jina lolote?" Edgar akauliza.

"Lolote. Lililonijia."

Edgar akazikunja karatasi polepole, mara mbili, tatu, mpaka zikakataa kukunjika zaidi. "Kwa hiyo na baba angeweza kutaja jina lolote," akasema.

"Yeyote kati ya tisa," mjomba akajibu. "Waliokuwa wakituuliza hawakujua lolote, wangemwamini. Baba yako angenitaja mie, angelala kwake siku hiyo hiyo, akupakate." Akainuka, akapitia nyuma ya kiti cha Noela, akaweka mkono begani kwake na kuuacha hapo. "Wapigie watu wako wa hifadhi, mwanangu. Waambie walitoe."

Noela akaitoa simu. Alikuwa ameogopa tangu asubuhi, lakini hofu hii ilikuwa nyingine, na haikuhusu gari jeupe. Kasimiri aliulizwa miezi minne. Noela alikuwa ametaja jina kabla dakika haijaisha, na hakuna mtu aliyemgusa hata kwa kidole.