Mabuu ya Mwati

Nungarrayi aliona kwa pembe ya jicho kwamba mkwewe anachimba mti usio wenyewe, na hakuwa na ruhusa ya kumwambia.

Mkwe ni mkwe, ndivyo mila yao ilivyo. Tangu Desmond amwoe Marlette hajamsemesha mama mkwe wake wala kumtazama usoni, naye mama mkwe vivyo hivyo. Neno lao lolote hupitia kwa Marlette. Sasa Marlette alikuwa amepanda kilimani kutafuta mtandao, apige simu hospitali, ambako dada mkubwa wa Nungarrayi alikuwa amekataa kula. Kila sahani aliisukuma. Alitaka kitu kimoja tu kabla hajafumba macho: mabuu meupe ya kwenye mizizi ya mwati, kutoka nchi ya baba yao. Na mji ulikuwa mbali, jua nalo haliwasubiri.

Desmond, mtoto wa mjini, alikuwa anahangaika na mulga. Nao ni mwati, lakini ule wa shina moja na majani membamba ya kijivu, mzuri kwa kuni na kwa kuchongea silaha. Buu gani litakaa humo?

Nungarrayi akamgeukia mbwa wake. "Tinka, kichwa maji wewe, huo sio. Tafuta wenye mashina mengi yanayotokea chini, majani mapana. Chini yake ardhi ina ufa. Ufa huujui?"

Tinka akapiga miayo. Desmond, kusikia sauti ya mkwewe imekaribia, aliinamisha kichwa, akabeba mtaimbo na shoka, akasogea mbali kwa adabu zote. Akaanza kuchimba mulga mwingine.

Nungarrayi alijikokota na goti lake bovu. "Majani mapana, Tinka. Nirudie mara ngapi?"

Desmond akasogea tena. Kadiri alivyofundishwa ndivyo alivyozidi kupotea, na vyombo vyote anavyo yeye. Nungarrayi alichukia mpaka macho yakamwuma. Dada yake anakufa na njaa, na huyu anamheshimu mama mkwe. Angekuwa na utovu wa adabu kidogo tu, kazi ingekuwa imekwisha.

Kisha akasimama. Kama ananikimbia, akawaza, basi mimi ndiye nitakayechagua anakokimbilia.

Akazunguka upande wa mashariki, akakohoa. Desmond akaelekea magharibi. Nungarrayi akapita kushoto huku akimtukana Tinka na ukoo wake wote. Desmond akakata kulia. Akamswaga hivyo kama ng'ombe mpaka penye mwati wenyewe, chini ya mwamba, ardhi imepasuka shinani. Hapo akaketi, akampa mgongo, akaziba njia.

"Mzizi ulionenepa, Tinka. Pasua huo."

Shoka likalia. Marlette akashuka kilimani, akashangaa. "Mama, mbona umembana mume wangu mwambani?"

"Mimi? Mimi naongea na mbwa."

Jioni ile, hospitalini, dada alikula buu la kwanza, limebabuliwa kidogo tu majivuni, mafuta yakamchuruzika kidevuni. Akala la pili.

"Nani kachimba?"

"Mbwa," Nungarrayi akajibu, bado amenuna.

Dada akatazama mlangoni. Kwenye korido zilionekana ncha za viatu vyenye vumbi jekundu. Mwenyewe alikuwa amejibanza ukutani, maana dada huyu naye ni mama mkwe wake.

Mgonjwa akageukia dirisha, akasema kwa sauti: "Mbwa huyo kalelewa." Akamsukumia Marlette bakuli. "Haya mawili yaliyobaki mpelekee yeye."

Huko koridoni mtu akakohoa.