Upande wa Pili wa Mkuyu

Marehemu baba alikuwa na neno lake kwa kila bustani ya Iskanderia. Muntaza, alisema, ni ya wenye magari. Shalalati ni ya wapenzi wasio na pa kwenda. Antoniadi ni ya maharusi kupigia picha karibu na masanamu.

"Na Nuzha je, baba?" tulimwuliza, mimi na dada yangu Karima, ingawa jibu tulilijua.

"Nuzha ni ya kula," alisema, akajipapasa tumbo.

Basi kila Shamu Nasimu, siku ya kunusa upepo wa masika, mji mzima ulipohamia kwenye majani, sisi tulikuwa Nuzha chini ya mkuyu wetu. Mkuyu wenyewe shina lake ni pana kama chumba, na mizizi imening'inia kutoka juu mpaka chini, kiasi kwamba aliyeketi upande mmoja hamwoni aliyeketi upande wa pili. Baba alitangulia alfajiri kutandika mkeka upande wa mashariki, ambako kivuli hukaa mchana hadi jioni. Mama alifuata na mkate, vitunguu vya majani, saladi na mayai ya rangi, kila yai limeandikwa jina la mwenyewe. Mimi na Karima tulibeba bakuli la fasikhi, samaki wa chumvi wa sikukuu. Tulilifunika kwa vitambaa vitatu, na bado abiria wa tramu walitugeuzia shingo.

Baba alikuwa fundi wa fasikhi pale mtaani kwetu, mtaa uitwao Bahari. Kazi hiyo nimeirithi mimi. Mkizi unamwacha mpaka avimbe, kisha unamzika katika pipa la chumvi siku arobaini. Akitoka vizuri, utajilamba mpaka kiwiko. Akitoka vibaya, anaua. Kwa hiyo watu wa kwetu humnusa samaki dukani kabla ya kununua, na hakuna muuzaji anayenuna. Lakini ukishakaribishwa kwenye mkeka wa mtu, na mtu huyo ni fundi, na kesho atakuwa mkwe wako, pua yako unaiacha nyumbani. Jambo hili halijaandikwa popote, na hakuna asiyelijua.

Upande wa magharibi wa mkuyu walikaa akina Shawqi. Walikuwa majirani zetu wa mti, siku moja kwa mwaka. Masika moja Shawqi mwenyewe, kijana wao, akazunguka shina, mrefu, masikio yametoka, akasimama mbele yetu na kusema, "Samahani, mna chumvi kidogo?"

Baba alicheka nusura apaliwe. "Kijana, umekuja kuomba chumvi kwa fundi wa fasikhi? Kwa nini usiende baharini ukaombe maji?"

Shawqi akacheka naye, lakini macho yalikuwa kwangu. Chumvi walikuwa nayo tele. Mwaka uliofuata nilikuwa na pete yake kidoleni, na siku hiyo, kwa mara ya kwanza, familia mbili zikaketi kwenye mkeka mmoja. Nilikuwa na miaka kumi na tisa. Sijawahi kuwa na furaha kama ile asubuhi, na nasema hivi nikiwa nimeolewa na mtu mwema, nikazaa, nikapata wajukuu.

Baba aliwatolea samaki wa pipa la nyumbani, akawaambia hivyo kwa fahari. Tulikuwa na mapipa mengi ya kuuza na hilo moja la kwetu, nalo lilikuwa na siri yake. Akachambua mnofu kwa vidole vyake mwenyewe, akaukamulia limau, akampa mama yake Shawqi, Bi Insaf, kipande cha kwanza.

Bi Insaf akakipeleka puani.

Akanusa. Kisha akafumba macho, akanusa tena.

Wahenga walisema hasira za mkizi furaha ya mvuvi. Baba alishika mikizi maisha yake yote, nadhani hasira zao zilimwingia kupitia mikononi. Aliweka mkate chini. Hakupiga kelele. Alimwambia mama maneno mawili tu: "Kunja mkeka." Tukaukunja na vilivyomo, mayai yakabingirika kwenye nyasi, yai lenye jina langu likiwa la mbele. Tukaenda zetu.

Shawqi alikuja Bahari mara tatu. Mara mbili za kwanza baba alimjibu kutoka roshani, mtaa mzima ukisikia: "Hapa hakuna samaki wa kunuswa!" Mara ya tatu baba hakuwepo. Nilikuwa peke yangu pale juu, na Shawqi alikuwa chini barabarani, kofia mkononi.

"Dawlat," aliniita, "nisikilize neno moja tu."

Nami nilikuwa binti ya baba yangu. Nilitia pete katika kikapu cha kamba, kile tunachoteremshia muuza mboga, nikakishusha mpaka usawa wa kifua chake. Alipoitoa nikapandisha kikapu, nikafunga dirisha. Hilo neno moja sikulisikia.

Kuhusu mkuyu, hakuna aliyekubali kuuacha. Miaka arobaini tukaketi sisi mashariki, wao magharibi, tumepeana migongo. Nilisikia upande wa pili vicheko vya mwaka aliooa, kisha kilio cha mtoto wake mchanga, kisha, miaka ilivyokwenda, kikohozi chake. Kikohozi hicho ningekitambua katikati ya soko. Baba alikufa akiwa bado anauliza, "Alinusa nini yule mwanamke? Samaki wangu alikuwa na kosa gani?" Swali hilo aliniachia pamoja na mapipa.

Majira ya baridi yaliyopita Shawqi akafariki. Nilisikia baada ya arobaini yake kupita.

Mkesha wa sikukuu ya mwaka huu nilikuwa dukani mpaka jioni nikimngoja Zaki, mhudumu wa mkahawa wa jirani. Zaki ni mtu mzima mwenye masharubu ya mvi, na kila mwaka hununua samaki wawili, na kila mwaka husema vile vile: "Wa pipa la nyumbani, Bi Dawlat, usinidanganye." Mwaka huu hakuja. Samaki wake wawili wakabaki, nikawabeba mimi.

Asubuhi tulipofika chini ya mkuyu, Karima alianza kumenya vitunguu, akaniona nikipanga samaki wale wawili kwenye sahani nzuri.

"Sahani hiyo inakwenda wapi?"

"Upande wa pili. Nakwenda kutoa pole."

"Dawlat, jua limekupiga na halijatoka! Yule bibi kizee atainusa tena mbele ya watu."

"Na ainuse. Nataka nimwulize alinusa nini, kabla hajafa na jibu."

"Akinusa, safari hii mkeka nitaukunja mimi, nawe ukiwa ndani yake."

Nikainuka. Kutoka mkeka wetu mpaka wao ni hatua sita. Nilizihesabu moja moja, sahani mkononi. Bi Insaf alikuwa kwenye kiti cha magurudumu, mdogo kama kwamba ameachwa juani akanywea, na mjukuu wake msichana alikuwa akimfunika miguu.

"Nani huyo?" akauliza. Macho yake yameingia ukungu.

"Dawlat, mama. Binti Mutawalli."

"Harufu ya duka imetangulia kuniambia."

"Nimekuja kukupa pole ya Shawqi. Najua nimechelewa miezi."

"Umechelewa miaka arobaini," akasema. "Kaa."

Nikakaa kwenye nyasi. Sikujua pa kuanzia, basi nikamenya mnofu, nikaukamulia limau kama alivyofanya baba, nikamtilia kipande mkononi. Akakipeleka puani. Akanusa. Akafumba macho, akanusa tena.

Damu ya baba ilinipanda mpaka masikioni. Nilishika ukingo wa sahani, tayari kuinuka.

"Huyu ni wa pipa la nyumbani," Bi Insaf akasema.

"Umejuaje?"

"Nitaachaje kujua, nami namla kila mwaka? Shawqi aliniletea wawili kila mkesha wa sikukuu. Alisema anawanunua mtaa wa Anfushi. Nikamwambia vyema, mwanangu. Kusema uongo hakukujua, na mimi sikutaka kumfundisha ukubwani."

Akilini nikamwona Zaki na masharubu yake, akisimama mlangoni kwangu mwaka baada ya mwaka kwa kutumwa, na mkahawani kwake, kwenye meza ya ndani kabisa, mtu anayekohoa. Duka langu na mkahawa ule vinatenganishwa na ukuta mmoja. Nilijifunika uso kwa kitambaa changu nikalia, mjukuu wake akatazama kando kwa adabu.

"Basi kama samaki wetu ulimpenda," nikasema nilipoweza, "siku ile ulimnusa kwa nini? Baba amekufa na swali hilo."

Bi Insaf aliweka kipande chini polepole.

"Nilikuwa nimekula fasikhi tangu naota meno," akasema. "Fasikhi hunuka fasikhi. Yule wa baba yako alinuka kitu kingine, chini kabisa, nyuma ya chumvi. Kitu kizuri. Nikasema, nini hiki? Nikanusa tena ili nikipate. Nafumbua macho nimwambie, 'Hongera, fundi, umetia nini humu?' na mkeka haupo. Nilikuwa nimekaa kwenye nyasi tupu na kipande mkononi."

"Ungesema, mama! Ungeita!"

"Nimwite nani? Mgongo wa baba yako? Mtu amekukunjia mkeka mbele ya bustani nzima, utamkimbilia?" Sauti yake ikapungua. "Nilimtuma Shawqi aje awaambie. Nilimwambia, ni neno moja tu, waambie mama anauliza fundi anatia nini. Mara ya tatu alirudi na pete mfukoni. Hakunieleza, nami sikumwuliza."

Neno moja tu. Ningekiacha kikapu chini muda wa kuvuta pumzi, ningelisikia. Nilimwambia hivyo, nilimwambia habari za kikapu na dirisha, nikamwomba radhi, kwa kuwa wa kuombwa hayupo. Akanipapasa kichwa kwa mkono unaonuka limau.

"Sote tulikuwa na shingo ngumu," akasema. "Sasa niambie. Alitia nini?"

Siri hiyo tuliijua watu watatu: baba, mimi, na mlinzi wa bustani, ambaye kila mwaka alipata samaki wake ili asione. Baba aliniapisha nisimwambie hata mume wangu, na sikumwambia. Niliinuka. Kando ya ua, hatua kumi kutoka kiti cha Bi Insaf, imepangwa safu ya midanzi, michungwa ya machungwa machungu, ambayo wakati huo huwa imechanua, na kibao kinachosema usichume. Nikachuma jani moja mchana kweupe. Nikalifikicha kwa vidole, nikamwekea puani.

Alinusa. Akanusa tena. Halafu akaanza kucheka, kicheko kisichokuwa na meno hata moja, mabega yakitikisika mpaka mjukuu akaogopa.

"Majani ya mdanzi! Ya hapa hapa?"

"Ya hapa hapa. Alikuja kuyachuma miezi miwili kabla ya sikukuu, mimi nikiwa nimemshikia koti. Aliyatandika ndani ya pipa, chini kabisa, kabla ya chumvi."

"Miaka yote hii nimeipa miti hiyo mgongo!" Akafuta macho. "Mutawalli, Mungu akurehemu, mwizi wewe."

Kisha akachukua kipande, akakitia mdomoni moja kwa moja bila kukinusa, akatafuna kwa ufizi huku ameliweka jani magotini. Nilimtazama mpaka akameza. Nilitamani baba angekuwa hai dakika ile moja tu, na Shawqi naye, hata kama angekuwa anakohoa.

Nikarudi upande wa mashariki. Karima alikuwa amesimama, mikono kiunoni, maganda ya vitunguu kwenye sketi. Aliona macho yangu mekundu.

"Amenusa, sivyo? Nilikuambia! Nilikuambia mimi!"

"Amenusa," nikasema. "Kunja mkeka."

"Enhe! Twende zetu nyumbani."

"Hatuendi nyumbani," nikamwambia, nikashika pembe ya mkeka. "Beba mayai, na uangalie yasianguke. Ni hatua sita tu."