Kiganja cha Mzee

Pampu ya pili ilijizima tena, na meneja akapiga simu tena, utadhani simu zake ndizo zinazosukuma maji. Mitaa yote ya juu ilikuwa mikavu tangu asubuhi, hospitali ikiwemo. Pampu ya kwanza ndiyo hiyo, imefumuliwa, iko sakafuni vipande vipande. Fundi wa umeme, binti aliyemezwa na ovaroli yake, aliitikia "sawa bosi" mara kadhaa, akakata simu na kuguna.

Tatizo lenyewe lilikuwa la kuudhi. Pampu kubwa ikiwashwa hutikisika mpaka ishike kasi, kisha hutulia. Kipima mtetemo hakijui hayo. Kikihisi mtikisiko kinazima mashine ili kuiokoa, hata kama haina ugonjwa. Dawa yake ni kukipanga kisubiri sekunde chache wakati wa kuwasha, ndipo kianze kuhukumu. Binti alikipanga hivyo. Kilisubiri vizuri tu, kikazima vilevile.

"Kiongezee muda," alisema opereta. "Kina woga hicho kidude. Mashine ni nzima."

Opereta huyo alikuwa baba yake mzazi. Kazini walimwita Kiganja, maana alikuwa akiweka kiganja juu ya beringi, pale mhimili wa pampu unapozungukia, na kukwambia pampu inaumwa wapi, na hakuwahi kuaibika. Ndiye aliyemfundisha binti kazi. Sasa alikuwa karibu kustaafu, na mafundi walishaanza kukicheka kidude kwa kuthubutu kubishana na mzee. Binti alitaka baba aondoke na jina lake safi. Lakini alijua meneja angekubali muda mrefu zaidi kwa neno la mzee tu, na kama mzee amekosea, pampu ingepasuka naye kasimama ubavuni mwake.

"Mzee, niongeze kidogo tu, tuijaribu mimi nikiwa hapa," alisema.

"Unanipima, siyo? Haya, washa."

Binti alikiongezea kipima sekunde chache, mzee akaweka kiganja. Pampu ilinguruma, ikatikisika, ikashika kasi. Alifumba macho na kutabasamu.

"Umeona? Imetulia kama maji ya mtungini."

Binti aliweka mkono wake kando ya ule wa baba, akautoa haraka kuliko alivyouweka. Chuma kilikuwa cha moto, na mtetemo ulimpanda hadi kwenye kiwiko. Baba bado alikuwa anatabasamu, kiganja kimetulia palepale. Binti alibonyeza kitufe chekundu.

"Sasa mbona umezima?"

"Baba, toa mkono."

Kazini hakuwahi kumwita baba. Mzee alitoa mkono, akaugeuza. Ngozi ilikuwa imevimba malengelenge. Aliutazama kama wa mtu mwingine.

"Tangu lini?" binti aliuliza.

"Ganzi ilianza vidoleni. Nikajua itapita."

"Na muda wote huo unatuambia mashine ni nzima?"

"Nasikiliza kwa masikio. Nabahatisha."

"Kwa nini hukusema, baba?"

"Niseme nini, mwanangu? Mimi si ndiye Kiganja?"

Binti alimmwagia maji ya chupa yake ya kunywa juu ya malengelenge. Baba hakushtuka hata kidogo, na hapo ndipo machozi yalipomtoka binti. Simu ikaita.

"Umeongeza muda?" aliuliza meneja.

"Kidogo tu, kwa kujaribu, bosi. Mtetemo ni wa kweli. Beringi imekwisha."

"Sasa nani alikuwa anasema mashine ni nzima?"

Binti aliwahi kujibu. "Ni mimi, bosi, nilidha—"

Mzee alimnyang'anya simu kwa mkono wa kushoto. "Ni mimi. Kuanzia leo usiniulize kuhusu mashine yoyote. Muulize huyu."

Akamrudishia simu, akaenda kukaa kwenye benchi la kubadilishia nguo. Baada ya kuhangaika kidogo alimwita binti yake aje amfungue vifungo vya ovaroli, maana vidole vilikuwa haviviwezi.