Mashine Iliyolia Kila Mahali

Uvumi wenyewe ulitoka kwa muuza mboga, ukaja nyumbani pamoja na vitunguu. Alisema kuna mtu, hakutaja wa wapi, aliyepitisha mashine ya kutafutia chuma kwenye kiwanja fulani. Mashine ikalia, mtu akachimba, kumbe bomu, na kilichorudi kwao ni kofia yake. Fundi cherehani alilipia vitunguu akasahau chenji. Jioni akamsikia kinyozi naye akiisimulia habari hiyohiyo, ila kwake kofia ilikuwa imeshakuwa kiatu. Mtu mwingine angeona hapo kuna uongo. Fundi cherehani alielewa kwamba wamekufa wawili.

Na mashine ya namna hiyo ilikuwa ndani ya nyumba yake, imeegeshwa kando ya cherehani kama mgeni asiyetaka kuaga. Aliileta mdogo wake, fundi redio. Aliwahi kumtengenezea mtu asiyerudi tena kuichukua, basi akaona ampe mpwa wake, binti wa fundi cherehani. Ilikuwa fimbo ndefu, chini ina sahani ya plastiki, juu ina kisanduku chenye kitufe na taa ndogo. Alisema ni ya wanaoanza, hata dada yake anaiweza. Dada yake alimkata jicho.

Kumkataza binti kusingekuwa kazi. Shida ni kwamba tangu studio ya picha alimokuwa akifanya kazi ilipofungwa, binti alikuwa analala ameukabili ukuta, chai inapoa, na ukimuuliza lolote anajibu "sawa", hata kama swali halikuhitaji sawa. Siku mashine ilipoingia aliinuka, akanawa uso, akauliza betri ziko wapi. Mama gani angemrudisha ukutani? Lakini pia, mama gani angemwacha aende kuchokonoa bomu? Fundi aliwaza mpaka akashona mkono wa gauni ndani nje. Mwisho akaona dawa ni moja tu: kumfuata.

Masomo ya kwanza yalifanyika uani, na yalikwenda ovyo. Mjomba aliweka sarafu chini, akamwambia binti apitishe sahani juu yake azoee sauti, kwa sababu chuma kinakoroma na sarafu inalia nyembamba kama ndege. Lakini ule ulikuwa ua wa fundi cherehani. Miaka nenda rudi, sindano, zipu mbovu na vifungo vilikuwa vinafagiliwa nje pamoja na vipande vya uzi, na sasa mashine ilipiga kelele kama mtoto aliyenyimwa peremende. Mjomba alicheka mpaka akashika ukuta. Akasema dada yake hana haja ya kufuga mbwa, mwizi akija pekupeku atajikamatisha mwenyewe.

Ikabidi waende uwanja wa mpira ulio nyuma ya maghala, pale watazamaji wanapokaa majanini na mifuko yao kumwaga sarafu kila timu ikifunga. Mjomba alirudi kwenye redio zake. Binti akatangulia na mashine na koleo dogo la kuchimbia, mama akafuata na ndoo ya maji. Alisema ni ya kunywa.

Binti alirusha fimbo huku na huku. Mama alivumilia kidogo, akashindwa.

"Unafyeka, mwanangu. Piga pasi. Sahani ikae chini, uende polepole, na ukirudi upite juu ya ulikopita, usiache mkunjo."

"Mama, si umekuja kunilinda?"

"Nakulinda huku nakurekebisha."

Binti akapiga pasi. Haikuchukua muda mashine ikalia. Mama akawahi kuchuchumaa pale pale, ili kama ni baya limkute yeye kwanza. Wakachimba wakatoa kizibo cha soda. Binti akapitisha sahani tena kuhakikisha kwamba shimo ni tupu, na mashine ikakoroma kwa nguvu zote.

"Chuma," binti alisema. "Tena kikubwa."

Mama akaivuta ndoo ya maji. Akasogea karibu zaidi, na mashine ikazidi. Wakapanua shimo likawa la kumzika kuku, hawakupata kitu. Wakahama. Kule nako mashine ikalia, mama akachuchumaa, mkoromo ukaanza. Wakahama tena, mambo yakawa yale yale, mpaka uwanja ukaonekana kama umevamiwa na nguruwe.

Binti alizima mashine, akakaa chini.

"Mbovu. Kesho namrudishia mjomba."

Mama aliinuka kukung'uta udongo, na mkono wake ukagonga kitu chini ya aproni. Ulikuwa mkasi wake mkubwa wa kukatia nguo, ule unaoning'inia kwa utepe kutoka kiunoni hadi magotini. Alikuwa ameuvaa miaka mingi kiasi kwamba yeye na bintiye walishaacha kuuona. Kila alipochuchumaa, mkasi ulitua kando ya sahani.

Angenyamaza tu, na kila kitu kingeisha vizuri: mashine ingerudi kwa mjomba, mashimo yangefukiwa, mtoto angebaki mzima. Ni kunyamaza tu, wala si kusema uongo. Akamuuliza binti kama atakunywa maji au waende nyumbani.

"Sawa," alisema binti, akitazama majani.

Fundi cherehani alilifahamu lile "sawa". Akaketi, akafungua utepe.

"Mashine ni nzima. Mbovu ni mimi."

Akautoa mkasi. Akatoa mfukoni kastabini ya kukingia kidole, funguo, sumaku ya kuokotea sindano iliyokuwa shingoni, na pini zilizochomekwa kifuani, moja baada ya nyingine, akiziweka kwenye leso. Binti alitazama lundo likikua. Kisha akaanza kucheka, kicheko cha kukosa pumzi, ambacho nyumba yao ilikuwa imekisahau.

"Mama, umevaa duka zima. Nenda kasimame golini."

"Golini mbali."

"Ndiyo maana."

Akaenda, na leso yake, akigeuka kila hatua. Kutoka golini alimwona binti akipiga pasi polepole, akisimama, akirudi nyuma, akipiga magoti. Alimwona akikata majani pande tatu kwa koleo dogo na kuyainua kama kifuniko. Mama alifumba macho. Alipofumbua, mikono ya binti ilikuwa juu, yote miwili, na katikati ya vidole kulikuwa na kitu kidogo cheusi cha mviringo.

Mama akapiga hatua. Binti akamwonyesha kiganja: hapo hapo. Mama akashika nguzo ya goli, akabaki.

Kwa wanaoanza, na mama zao, mambo ya kuepuka ni haya:

Usiende na mkasi, funguo wala pini mwilini, hata kama umezisahau.

Usivae viatu vyenye chuma kwenye ncha.

Usirushe sahani kama unafyeka.

Usichimbe karibu na nguzo za umeme wala penye bomba la maji.

Usichimbe kwa mtu bila kumwomba.

Ukikuta kitu kikubwa usichokijua, usikigonge. Ondoka, waite polisi.

Usiache shimo wazi, watoto wanacheza mpira pale.

Usisugue sarafu kwa mchanga, hata ikiwa nyeusi kama ile ya binti, inachunika.